Jicho limetoboka: ufanyeje mpaka uwekewe kioo cha mchangiaji

Huku kwetu Moshi na Arusha kinachoumiza jicho mara nyingi ni mwiba, jani la mahindi, au kipande cha chuma gereji, afu mtu anatia dawa ya kienyeji, kidonda kinakula kioo cha mbele cha jicho (konea, ule utando angavu mbele ya mboni) mpaka kinatoboka. Utajua vipi? Maji ya uvuguvugu yanatoka ghafla, uoni unafifia, mboni haiko duara tena imevutika upande mmoja.

Hapo acha mikono. Usisugue, usioshe, usichomoe kilichochoma, usitie matone wala dawa ya tyubu. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, kingo zisiwe kali, funika jicho na hicho kitako, plasta ishike kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu. Pamba hapana, inakandamiza vya ndani vikatoka. Usimpe hata chai maana anaweza kuingia thieta leo leo, afu kumbusha sindano ya pepopunda. Usizunguke maduka ya dawa, nenda penye bingwa wa macho, kwa Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya macho.

Tundu dogo, kama milimita 2 kushuka, mara nyingi wanaziba na gundi ya kitabibu na kontakti lenzi juu. Kubwa zaidi ndo linataka kioo cha marehemu aliyechangia. Bingwa anakata sehemu mbovu kwa kisu cha duara, anakata cha mchangiaji kikubwa kidogo, anashona chini ya darubini na uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Kioo hakina mishipa ya damu, ndo maana kwa kawaida hawahangaiki na grupu la damu. Kikiwa kwenye maji yake maalum kwa nyuzi joto 4 kinakaa kama siku 14 tu, kwa hiyo kisipopatikana uliza kama kuna kilichohifadhiwa kwenye gliserini, hicho hakionyeshi vizuri ila kinaziba. Na msimlaumu daktari kama bado kuna ukungu, operesheni ya dharura inaokoa jicho kwanza, kuona kunaweza kuhitaji operesheni nyingine.

Ukirudi nyumbani lala na kinga ya jicho, usibebe ndoo, vumbi la bodaboda likwepe. Matone ni ya miezi mingi, nyuzi zinaweza kukaa mwaka au zaidi. Usiazime matone ya jirani jamani, yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) kwenye jicho lenye fangasi ni balaa.

Wekundu, maumivu, mwanga unachoma, ukungu umerudi? Mwili unaweza kuwa unakikataa kioo, hata baada ya miaka, nenda siku hiyo hiyo usingoje tarehe ya kliniki.