Kutoka Lubumbashi hadi milima ya Mbeya: jinsi ya kusafiri na kulala ndani ya Hiace kwa pesa kidogo

Mwezi uliopita mdogo wangu na mke wake walikuja kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, na daftari, wakitaka niwaeleze jinsi mimi na mume wangu tulivyofika Mbeya na Tukuyu bila kulala hoteli hata usiku mmoja. Tulikaa mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. Haya ndiyo niliyowaandikia.

Hatua ya 1: Gari

Chukua Hiace ya dizeli, gia za mkono, usukani wa kuume. Zambia na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, na magari ya usukani wa kuume yamejaa hapa kwetu. Gari la otomatiki silipendekezi kwa safari hii. Sababu utaiona tukifika milimani.

Hatua ya 2: Kitanda

Ng'oa viti vya nyuma. Mbao, plaiwudi, godoro la sponji; seremala yeyote atakupimia. Chini ya kitanda acha nafasi ya madumu ya maji na gurudumu la akiba. Weka wavu wa mbu kwenye madirisha mawili yanayofunguka.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa nenda polepole, maana hapa ndipo safari ya bei rahisi inapogeuka kuwa ya gharama.

Unahitaji pasipoti, cheti cha homa ya manjano, karte rozi (kadi ya usajili wa gari), na Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; ndiyo ile bima inayovuka mipaka. Mambo ya viza yaulize kabla ya kufunga mizigo. Kama gari si la jina lako, hata kama ni la baba yako mzazi, beba barua ya idhini yenye muhuri wa mthibitishaji wa hati, na ndani ya barua hiyo iandikwe namba ya shasi.

Hiyo namba ya shasi ndiyo iliyotukamata. Tulifika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, saa moja asubuhi, tukapita upande wa Kongo vizuri. Upande wa Zambia, afisa aliinama na tochi akaisoma namba kwenye gari, tarakimu moja moja, huku mwenzake akifuata kwa kidole kwenye kadi ya bima. Kidole kikasimama. Baada ya kistari, pale penye 1, kadi ilisema 7. Wakala aliyetuandikia bima alinakili kutoka kwenye fotokopi iliyofifia, na sisi tulilipa tukaondoka bila kulinganisha. Nilimwacha mume wangu na gari, nikapanda teksi kurudi mjini, karibu kilomita 100. Nilikuta ofisi imefungwa. Kadi mpya niliipata kesho yake. Siku mbili zikaenda hivyo, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha mpakani ambacho bei yake ni ya madereva wa malori.

Kwa hiyo fanya hivi wiki moja kabla. Tafuta mahali namba ilipogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye gari letu ipo chini ya kiti cha mbele. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka matope yatoke. Weka juu yake karatasi nyeupe nyepesi, ishike isisogee, kisha sugua kwa ubavu wa penseli laini. Namba itajitokeza yenyewe, nyeupe katikati ya weusi. Karatasi hiyo ndiyo ukweli wako. Nenda nayo kwa wakala wa bima, simama naye, isomeni pamoja kwa sauti. Kisha linganisha na karte rozi na barua ya idhini. Kama karte rozi yenyewe imekosewa, usisafiri mpaka irekebishwe. Hakuna afisa wa mpakani atakayekuamini wewe aache karatasi.

Angalia pia orodha ya nchi kwenye Kadi ya Njano: Zambia na Tanzania zisiwe zimekatwa. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo wakala anaweza kudhani kadi haifanyi kazi huko. Inafanya kazi, kwa sababu Tanzania ilibaki kwenye mpango wa kadi hii. Na tarehe zihesabu siku za kurudi pamoja na siku tatu nne za dharura.

Mpakani Zambia watakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda, na utalipa kodi ya kaboni na ushuru wa barabara. Kila malipo yawe na risiti. Mimi huziweka zote kwenye bahasha moja ya plastiki. Unapotoka Nakonde, mpaka wa Zambia na Tanzania, kibali kifungwe pale pale. Usipofanya hivyo, kwenye kompyuta zao gari lako bado liko Zambia, na safari inayofuata utaulizwa.

Hatua ya 4: Barabara

Chingola, Kitwe, Ndola. Karibu na Kapiri Mposhi unakata kushoto, kisha Serenje, Mpika, Nakonde. Ukijumlisha mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 1,200. Sisi tulilala Kapiri, Mpika na Tunduma. Usiendeshe usiku, kwani malori yaliyoharibika huachwa barabarani bila taa. Beba pembetatu mbili, kizimamoto, na vibandiko vinavyoakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Ukiingia Tunduma, upande wa Tanzania, sogeza saa mbele kwa saa moja.

Hatua ya 5: Kulala na kupika

Omba uwanja wa misheni au wa nyumba ya wageni. Unalipia nafasi ya gari na ndoo ya maji moto tu. Huko Rungwe, wilaya ya Tukuyu, misheni za kanisa la Moravian ni nyingi. Mzee umwamkie shikamoo, "jambo" ya kwetu haitoshi. Na sokoni ulizia mkaa, maana ukisema makala hawatakuelewa.

Mbabula, jiko la mkaa, isiingie ndani ya gari, hata ikibaki majivu mekundu kidogo, hata baridi ikikuuma namna gani. Moshi wa makala usioonekana hauna harufu, na unaua watu wakiwa usingizini. Baridi inatibiwa kwa blanketi, na madirisha mawili yaache wazi upana wa vidole viwili. Kitulo, uwanda wa juu milimani, kwenye mita 2,600 hivi, mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kuleta jalidi. Huko maji yanachemka kabla hayajawa moto kama ya kwetu, kwa hiyo maharagwe yaloweke tangu asubuhi.

Hatua ya 6: Milima

Kutoka Uyole, pembeni mwa Mbeya, shika njia ya Tukuyu: mashamba ya chai, migomba, parachichi za bei ya chini, na Daraja la Mungu, jiwe lililopinda juu ya mto Kiwira.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Maua ni mengi kati ya Desemba na Aprili, lakini hiyo ndiyo mvua yenyewe. Mimi nachagua mwanzo wa Mei. Getini ulizia bei ya raia wa Afrika Mashariki, kwa kuwa Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Ukishuka kutoka Kitulo kwenda Chimala utapita Hamsini na Saba, kona zilizopewa jina kwa idadi yake. Mvua ikinyesha subiri juu. Kabla ya kona ya kwanza weka gia ya pili, au ya kwanza, na usiibadilishe. Injini ndiyo ishike gari. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia, usiikalie. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, au pedali ikawa laini kama sponji, simama penye nafasi, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, ngoja nusu saa. Usizimwagie breki maji, chuma cha moto hupasuka. Sisi tulisimama mara tatu. Chini Chimala kuna mchele wa bonde la Usangu; tulinunua wa kutosha kula mpaka Kasumbalesa.