Betri za gari-nyumba: hesabu kwanza, chaji pili, betri yenyewe mwisho

Betri ya kwanza niliyoipoteza ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Niliegesha gari-nyumba mwanzoni mwa Desemba, nikazima taa, nikafunga milango, nikapanda ndege kwenda nyumbani kwa wiki 7. Niliporudi, kipimo kilisoma volti 10.4. Niliichaji siku mbili nzima. Ikajaa kwa jina tu, jioni friji likazima.

Nilipotafuta chanzo, nilikuta king'ora, kumbukumbu ya redio na kifaa cha kunusa gesi vilikuwa vikinyonya ampea 0.15 usiku na mchana. Inaonekana si kitu. Zidisha: 0.15 mara saa 24 ni ampea-saa 3.6 kwa siku, na kwa siku 30 ni 108. Betri yangu ilikuwa ya 110. Mwezi ulipotimia ilikuwa tupu, na wiki zilizobaki ikalala tupu kwenye baridi.

Ndugu zangu wa ughaibuni, wengi wetu tunayatumia magari haya hivyo hivyo: safari za wikendi wakati wa joto, halafu gari linalala miezi, ama kwa sababu ya theluji ama kwa sababu tumekwenda kuwaona wazee. Katika maisha ya namna hiyo, njaa inaua betri nyingi kuliko kazi. Ndiyo maana nakuomba usianzie dukani.

Anzia kwenye karatasi. Andika kila kinachotumia umeme na saa zake. Friji la kompresa huvuta kama ampea 4 linapozunguka. Likizunguka nusu ya siku, hizo ni ampea-saa 48. Taa za LED, kama 8 kwa jioni moja. Feni ya hita ya dizeli usiku kucha, 15. Kompyuta mpakato ya wati 60 huvuta ampea 5, kwa hiyo saa mbili ni 10. Pampu ya maji haifiki hata 2. Jumla ni kama 83 kwa siku. Ukitaka kukaa siku mbili bila jua na bila kuchomeka popote, unahitaji ampea-saa 166 zinazotumika kweli.

Neno "zinazotumika" ndilo lenye uzito. Betri ya risasi, iwe ya maji, ya jeli au AGM (ile ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), haipendi kushushwa chini ya nusu. Kila unapoizidisha unakata umri wake. Kwa hiyo 166 inadai betri za jumla ya 330, yaani tatu za 110, karibu kilo 90. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inakuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, hivyo 200 zinatosha, na uzito wake ni kama kilo 25. Kama leseni yako ni ya kundi B na unaendesha Ulaya, ambako kikomo cha kawaida cha kundi hilo ni kilo 3,500 gari likiwa na mizigo yake, hizo kilo 65 ni mtu mzima mmoja unayemrudishia kiti.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ipigie hesabu peke yake. Birika la wati 1,500 kwenye volti 12 ni ampea 125, na inveta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo betri inatoa karibu 140. Betri ya risasi hupimwa ikitolewa polepole kwa saa 20: iliyoandikwa 100 inatoa ampea 5 kwa saa hizo 20. Ukiivuta ampea 50, usitegemee saa mbili. Chai ya gesi ni rafiki wa betri.

Usikubali kuuziwa betri ya stata kwa kazi hii. Ina sahani nyembamba nyingi za kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, inairudishia. Betri ya nyumba ina sahani nene, za kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Lebo ikijisifu kwa nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi tu, bila kutaja mizunguko ya chaji, iache.

Sasa jiulize betri itashiba vipi. Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, na hapa ndipo wengi huruka. Betri ya risasi hupokea haraka mpaka kama asilimia 80, halafu asilimia 20 za mwisho huingia kwa saa nyingi. Nusu saa barabarani haiijazi. Na isipojaa mara kwa mara, salfeti ya risasi kwenye sahani inageuka fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena. Ndiyo maana betri inakuwa "haikai na chaji". Lithiamu haina ugonjwa huo. Inapokea kwa kasi karibu mpaka mwisho, na haidhuriki kukaa nusu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ukilala kila mara kwenye kambi yenye umeme wa kuchomeka, AGM inakutosha na usijitwishe deni la lithiamu. Ukipenda kulala porini, ukihama kila siku mbili na kutegemea sola, lithiamu italipa gharama yake. Jeli ni nzuri na inavumilia, ila haitaki kuharakishwa.

Chochote utakachochagua, chaja zako zote zikubaliane nacho: ya kuchomeka, ya sola na ya altaneta. Jeli inataka volti 14.1 hadi 14.2 na ukizidisha unaiunguza ndani, AGM 14.4 hadi 14.7, LiFePO4 14.2 hadi 14.6. Namba za mtengenezaji wako ndizo za mwisho. Na kama gari ni la miaka ya karibuni, altaneta yake huenda inashusha volti kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Betri ya nyumba inabaki na njaa hata baada ya kilomita 500. Dawa yake ni chaja ya kati ya betri ya injini na betri ya nyumba, inayopandisha volti mpaka inapotakiwa. Kwa lithiamu kifaa hicho kina kazi ya pili: kuizuia betri isivute ampea nyingi mpaka altaneta iungue.

Wewe unayeishi kwenye baridi kali, shika hili: LiFePO4 haichajiwi chini ya nyuzi 0. Ukilazimisha, lithiamu inaganda kama metali kwenye upande wake hasi, na madhara hayo hayarudi nyuma. Nunua yenye kinga ya kukata chaji yenyewe, au yenye kipasha joto, na uifunge ndani sebuleni badala ya sanduku la nje. Betri ya risasi nayo ina hatari yake: iliyojaa haigandi kirahisi, lakini tupu inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri na kupasuka.

Ufungaji nitaupitia haraka, maana fundi mwenye ujuzi ndiye wa kuufanya. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na nguzo chanya, kwa sababu waya ulio kabla yake hauna kinga. Betri za sambamba, yaani zilizoungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Chanya kitoke kwenye betri ya mwanzo na hasi kwenye ya mwisho, ili zote zifanye kazi sawa. Betri ya maji itoe hewa nje kwa bomba, kwani haidrojeni ikifika asilimia 4 hewani, cheche moja inatosha. Vua pete na saa kabla hujashika spana.

Kipimo ndicho jicho lako. Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa husoma 12.7 ikijaa na 12.2 ikiwa nusu. Lithiamu haikuambii kitu hivyo: karibu safari nzima inaonyesha 13.2, halafu inadondoka ghafla. Fungia kipimo cha shanti kwenye waya hasi, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Ningekuwa nacho mapema, betri ile isingekufa bila mimi kujua.

Matunzo ya kawaida si mengi. Betri ya maji, ongeza maji yaliyotoneshwa pekee, tena baada ya kuchaji. Kabla ya kuchaji ongeza tu kama sahani zimeonekana wazi. Safisha ukungu mweupe kwenye nguzo kwa magadi na maji, kaza, paka vaselini. Ukinusa mayai viza, au ubavu ukianza kuvimba, zima chaja na uingize hewa. Betri hiyo imekwisha.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kurudi nyumbani na betri ya lithiamu kwenye sanduku. Hapana. Mizigo ya abiria inaishia wati-saa 160, na hata kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa karibu 1,280, yaani volti 12.8 mara 100.

Na kabla ya kuondoka, fanya ninavyofanya sasa. Jaza betri ya risasi kabisa; ya lithiamu iache kwenye asilimia 50 hadi 60. Zima swichi kuu, kisha pima kwa ampmita ya kubana kwenye waya wa betri, maana baadhi ya vifaa huunganishwa kabla ya swichi na vinaendelea kunyonya. Usitegemee sola iliyo juu ya paa ambalo theluji italifunika. Ukiona hata ampea 0.1 inapita, fungua waya hasi.

Mwaka uliofuata nilikaa nyumbani wiki 8. Niliporudi, AGM ile mpya ilisoma 12.6.