Kupima faktari XIII kwa urea, hatua kwa hatua

Mtoto mchanga anavuja damu kitovuni, na PT na APTT, vipimo vya muda wa damu kuganda, zimerudi za kawaida. Usimfungie faili. Vipimo hivyo huishia pale damu inapoganda, na faktari XIII, kimeng'enya cha damu kinachoimarisha bonge, huanza kazi baada ya hapo. Kikishaamshwa na trombini (kimeng'enya kinachogandisha damu) pamoja na kalsiamu, hushona nyuzi za fibrini, protini inayounda bonge la damu: glutamini ya uzi mmoja kwa lisini ya mwingine, amonia ikitoka. Kikikosekana, damu huganda vizuri tu, halafu bonge huachia baadaye, hata baada ya siku nzima.

1. Yeyusha gramu 30 za urea, ongeza maji yasiyo na chumvi hadi mililita 100. Chupa itakuwa baridi mkononi. Ngoja ipoteze ubaridi ndipo ukamilishe ujazo.

2. Pata plazma ya sitreti (iliyozuiwa kuganda kwa sitreti). Kama mgonjwa aliongezewa damu au plazma wiki chache nyuma, ahirisha. Faktari hii hukaa mwilini siku nyingi na jibu litakudanganya.

3. Andaa mirija mitatu. Wa kwanza plazma ya mgonjwa, wa pili ya mtu mwenye afya: mililita 0.2 kila mmoja, na kloridi ya kalsiamu ya molari 0.025 kiasi hichohicho. Wa tatu ni plazma ya EDTA ya mtu mwenye afya, igandishwe kwa trombini. EDTA imeshika kalsiamu yote, kwa hiyo bonge hili halishonwi. Mrija huu usiuruke kamwe, maana ndio unaokuhakikishia kwamba urea yako inafanya kazi.

4. Acha mirija kwenye nyuzijoto 37, dakika 30.

5. Gonga mrija taratibu bonge libanduke, ulimimine zima kwenye mililita 5 za urea. Usilishike kwa koleo, litachanika.

6. Litazame mara kwa mara, hadi saa 24. Bonge lisiloshonwa hulegea kingo, hubaki utando, kisha huoni kitu. Lililoshonwa, kesho yake ukitikisa mrija, linazunguka zima.

Kipimo hiki hunasa upungufu mkali tu. Bonge likibaki, andika "halikuyeyuka ndani ya saa 24", usiandike "hana upungufu", na uombe kipimo cha kiwango, kile kinachopima amonia. Likiyeyuka, hakikisha fibrinojeni (protini inayogeuka fibrini) haiko chini, lakini mpigie daktari saa hiyohiyo kabla hata fomu haijajazwa: watoto hawa huweza kuvuja damu ubongoni.