Somo: Kuhuisha nyaraka za masharti ya mkataba kwenye programu ya usimamizi wa ujenzi

Wadau, somo hili ni la wale wanaoshinda ofisi ya mradi wakifuatilia vyeti vya bima, dhamana za benki na leseni za wakandarasi wadogo. Kila programu ina menyu zake, iwe Procore, Autodesk au Sage, kwa hiyo sitaenda kitufe kwa kitufe. Nitaeleza mpangilio wa kazi, ambao ni uleule popote.

Jambo moja nalitanguliza: programu haikusomei cheti. Inafuata tarehe uliyoijaza wewe. Ukikosea, mstari wa hati hiyo kwenye skrini utabaki kijani, yaani "sawa", huku bima imeshakwisha.

Hatua ya 1: Anza na mkataba, programu baadaye

Orodhesha kila hati inayodaiwa na mkataba, kiwango chake na muda wake. Kwa mfano, Kitabu Chekundu cha 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu cha 4.2, kinamtaka mkandarasi awasilishe dhamana ya utekelezaji (ya kumlinda mwenye mradi mkandarasi asipotimiza mkataba) ndani ya siku 28 tangu apokee barua ya kukubaliwa. Kama dhamana ina tarehe ya kuisha, na siku 28 kabla ya tarehe hiyo bado hajastahili kupata cheti cha utekelezaji (kinachothibitisha amemaliza wajibu wake), ni lazima airefushe. Dhamana ya malipo ya awali, yaani ya fedha anazotangulizwa mkandarasi, ina sharti la namna hiyohiyo kwenye kifungu cha 14.2, iwapo fedha hizo hazijarejeshwa zote. Sasa fikiria kikumbusho cha siku 30: kinakuachia siku mbili tu za kuhangaika na benki. Mimi huweka siku 60, kisha 45.

Hatua ya 2: Soma hati yenyewe

Hapa msiharakishe. Tazama jina kwanza: kampuni mama na kampuni tanzu ni watu wawili kisheria, hata kama nembo ni moja. Tazama kiwango cha bima: ni kwa kila tukio, au ni jumla ya mwaka mzima? Halafu tarehe.

Kuna mwaka nilipokea mwezi wa kwanza cheti cha mkandarasi wa paa. Kuanza: 05/12. Kuisha: 05/11. Nikajaza tarehe 5 mwezi wa 11, nikaendelea na kazi nyingine. Kumbe aliyekiandaa alitumia mtindo wa Marekani wa kutanguliza mwezi, na bima iliisha tarehe 11 mwezi wa 5. Jamaa alifanya kazi juu ya paa karibu miezi sita bila bima, nasi tunamlipa kila mwezi kwa sababu skrini ilisema yuko sawa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeanguka. Ningetulia dakika moja ningeona: kwa usomaji wangu ile ilikuwa bima ya miezi 11, wakati mkataba ulidai ya mwaka mmoja.

Tangu siku hiyo nahesabu muda kutoka kuanza hadi kuisha, na utata ukitokea nampigia aliyetoa hati.

Hatua ya 3: Ongeza rekodi mpya, ya zamani usiifute

Wengi hufungua rekodi ya mwaka jana, wakabadilisha tarehe na kupakia faili jipya juu ya la zamani. Msifanye hivyo. Dai la ajali ya mwezi wa tatu mwaka jana linaweza kuja leo, na mtu ataulizia bima iliyokuwepo siku ile. Ya zamani ipe hali ya kumbukumbu, mpya ipate mstari wake. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinavyoelekeza: 2026-02-28. Faili zitajipanga zenyewe na hakuna atakayebishana mwezi ni upi.

Hatua ya 4: Jaza na ambatanisha

Namba ya hati, aliyeitoa, kiwango, kuanza, kuisha, kisha PDF yenye kurasa zote. Ukurasa wa pili ndio mara nyingi wenye mambo yasiyofidiwa.

Hatua ya 5: Uhakiki na zuio la malipo

"Imepokelewa" na "imekubaliwa" ni hali mbili tofauti. Anayepakia asiwe ndiye anayeidhinisha. Kisha unganisha hati na zuio la malipo, lakini mkataba uwe umeruhusu kuzuia. FIDIC 14.6, kwa mfano, inasema hakuna kiasi kitakachoidhinishwa wala kulipwa mpaka mwajiri (mwenye mradi) apokee na kukubali dhamana ya utekelezaji. Zuio lisiondolewe kwa simu ya "nitaleta kesho". Anayeliondoa aandike sababu, na jina lake libaki kwenye rekodi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mkandarasi mdogo kaleta barua ya dalali kwamba bima imelipiwa, cheti kinafuata. Nimuweke kijani?

Jibu: Hapana, ndugu. Barua ya dalali ni ahadi tu. Akileta kavanoti (hati ya muda ya bima) ya kampuni ya bima yenye tarehe na kiwango, ipokee, ila jaza tarehe ya kuisha ya kavanoti yenyewe, hata kama ni wiki chache.

Swali: Nimepakia PDF mpya, mfumo bado unasema imeisha. Tatizo nini?

Jibu: Kiambatisho hakibadilishi tarehe, ijaze mwenyewe. Ukiona bado, angalia kama hati hiyo inadaiwa sehemu mbili, kwenye wasifu wa kampuni na kwenye mkataba husika. Huenda umehuisha moja.

Swali: Tumeongezewa muda wa kazi miezi minne. Hati zinajirefusha?

Jibu: Hazijirefushi. Siku nyongeza inaposainiwa, pitia kila mstari. Na kama thamani ya mkataba imepanda, soma tena kifungu cha dhamana, maana kiasi chake mara nyingi huwa ni asilimia ya bei ya mkataba.

Swali: Jengo tumeshakabidhi. Nizime vikumbusho vya dhamana?

Jibu: Subiri kwanza, kasoro bado zinarekebishwa. Kwenye FIDIC ya 1999 dhamana inaendelea hadi kazi ikamilike na kasoro zirekebishwe, na mwajiri anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 21 baada ya kupokea nakala ya cheti cha utekelezaji. Zima kikumbusho siku hati halisi inapotoka kwenye sefu na mkandarasi amesaini kuipokea. Skani saini hiyo, uipakie kwenye mstari uleule.