Taa ya O/D OFF ikiwakawaka: pima umeme kabla ya kushusha gia boksi

Gari la otomatiki likiondoka kwa uzito, kama limeng'ang'ania gia ya nne, huku taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) inawaka na kuzima, mafundi wengi hukimbilia kushusha gia boksi. Usikubali bado. Kwenye Toyota zenye gia boksi ya A340, kama Hilux Surf za miaka ya 90, taa hiyo inalalamikia waya, plagi, solenoidi (valvu ya umeme inayobadilisha gia) au sensa ya mwendo. Klachi ikiungua au valvu ikinasa, kompyuta haina macho ya kuiona.

Somo hili ni la A340. Gia boksi nyingine zina mpangilio wake wa solenoidi, msichanganye.

1. Betri na ethi. Injini ikiwa imezimwa betri isome angalau volti 12.4, ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Kisha washa swichi, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa kompyuta. Ikizidi volti 0.1, safisha ethi kwanza. Kompyuta yenye ethi mbovu itakudanganya hatua zote zinazofuata.

2. Soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, kabla hujachomoa chochote. Ukichomoa plagi ya solenoidi swichi ikiwa ON unatengeneza kodi mpya, na hutajua tena ipi ilikuwepo. Bonyeza kitufe cha O/D kiingie ndani, washa swichi bila kupiga stata, unganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, kisha hesabu miwako ya taa ya O/D OFF. Ikiwaka haraka kwa mfululizo ulio sawa, mara mbili kwa sekunde, hakuna kodi. Miwako sita, kimya cha sekunde 1.5, kisha miwili: hiyo ni 62.

- 42: sensa ya mwendo namba 1
- 61: sensa ya mwendo namba 2
- 62: solenoidi namba 1
- 63: solenoidi namba 2
- 64: solenoidi ya lokapu (inayofunga klachi ya ndani ya torque converter)

Kodi 64 huhifadhiwa kimyakimya, taa haiwakiwaki ukiwa barabarani. Ndiyo maana unasoma kodi hata kama dashibodi imetulia.

3. Jaribio la kuchomoa plagi. Hapa ndipo umeme na makanika hutengana. Zima swichi, chomoa plagi ya solenoidi, endesha sehemu isiyo na magari. Bila umeme, A340 nzima hutoa gia ya nne kwenye D, ya tatu kwenye 2 na ya kwanza kwenye L. R na P hufanya kazi kama kawaida. Ukizipata zote hivyo, klachi na bendi zinashika na ugonjwa uko upande wa umeme. Zikikosekana, mita haitakusaidia tena.

4. Pima solenoidi, anzia ndani ya gari. Chomoa soketi ya kompyuta, pima kati ya pini ya kila solenoidi na bodi. Kwenye nyuzi 20 isome omu 11 hadi 15. Karibu na sifuri ni shoti. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Ukipata kosa, rudia kwenye plagi ya gia boksi. Huko ikisoma vizuri, solenoidi ni nzima na kosa liko kwenye waya wa katikati: tafuta uliolala juu ya ekzosi, uliolika na asidi chini ya betri, au uliotafunwa na panya. Tikisa waya wakati mita imeunganishwa. Namba ikiruka, umeshafika.

5. Futa kodi. Chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa sekunde 10 au zaidi, rudisha, endesha, soma tena.

Maswali ya wadau

*Mkuu, hakuna kodi wala taa, lakini gari halitoki gia ya kwanza kwenye D hata likivuta vipi.*

Sensa zote mbili za mwendo zimekufa kwa pamoja. Kompyuta hugundua moja kwa kulinganisha na nyingine. Zikinyamaza zote huona gari limesimama. Anza na plagi zake.

*Kodi 62 inarudi gari likipata moto tu. Ikipoa nimepima, omu 13.*

Pima ikiwa ya moto. Lakini usiitupe kwa kuona 16: shaba ya omu 13 kwenye nyuzi 20 hufika kama 16.5 kwenye nyuzi 90, ni kawaida. Mita ikikosa kusoma kabisa, solenoidi inakatika ndani, hiyo badilisha.

*Naweza kuigusisha solenoidi kwenye betri nisikie?*

Hizi za omu 11 hadi 15 unaweza, zinakula ampea 1 hivi na zinapaswa kulia "tak". Ikilia, koili na plunja vinafanya kazi, ila bado inaweza kuwa imeziba uchafu, na kwa hilo haitatoka kodi. Kwenye gia boksi mpya zaidi, solenoidi ya presha ya SLT ina omu 5 na kidogo; hiyo usiiguse na betri moja kwa moja, pitishia balbu ya wati 21.