Unataka PhD ya hesabu? Kaa chini kwanza uangalie haya

Kuna mwalimu mwenzangu hapa Moshi anataka kuomba PhD ya hesabu mwakani na swali lake la kwanza likawa ada. Ada ni muhimu ila mi naona kuna kitu kinatangulia.

Jiulize kama unaweza kuthibitisha, yaani sio kukokotoa, kuthibitisha. Wengi tulifaulu kwa kukokotoa, kalkulasi, matriksi, unapata jibu unapigia mstari basi, sasa kwenye PhD hakuna majibu nyuma ya kitabu, unahangaika na swali ambalo hakuna mtu duniani amelijibu na we ndo uonyeshe kwa hoja kwanini iko hivyo. Kwahiyo rudi kwenye analisisi (ile nadharia iliyo nyuma ya kalkulasi) na aljebra ya juu, chukua theoremu moja, mfano ile ya Bolzano na Weierstrass, soma, funga kitabu, andika uthibitisho wote mwenyewe. Ulipokwama ndo pa kufanyia kazi, na usione aibu, mi likizo nzima iliishia kwenye analisisi tu.

Alafu njia zinatofautiana. Hapa nyumbani utadaiwa masta kwanza. Marekani wengi wanaingia na digrii ya kwanza ila ni miaka 5 au 6, unasoma kozi, unafanya mitihani ya kufuzu, ndo utafiti unaanza, na mara nyingi chuo kinakulipa ukifundisha wanafunzi wa chini. Kama digrii yako ni ya ualimu na hesabu zilikuwa chache, kuna diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste Italia, au masta ya AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu iliyoanzia Afrika Kusini 2003, wote wanafadhili.

Msimamizi wa utafiti wako sasa, hapa watu wanakosea sana. Taasisi ya Nelson Mandela iko hapo Tengeru tu, basi la Arusha linakushusha njiani, lakini hesabu zao ni za matumizi, modeli za magonjwa na vitu kama hivyo, so kama moyo wako uko kwenye hesabu za nadharia tupu kama topolojia ukaribu usikudanganye. Soma kwanza pepa za huyo profesa, nyingi ziko bure kwenye arXiv, tovuti ya kuwekea pepa za utafiti, ndo umwandikie. LaTeX, programu ya kuandikia hesabu, jifunze mapema, wiki mbili zinatosha kuanza.

Na barua za mapendekezo, walimu wako wa chuo watafute leo, wasalimie, wakumbushe we ni nani, wape miezi miwili ya kuandika, sio siku tatu kabla dirisha halijafungwa.