SOMO: Paka ameanza kuchechemea ghafla. Ufanye nini, na lini umkimbize kwa daktari

Wakuu, salaam. Paka ni msiri wa maumivu. Akichechemea mbele yako, ujue maji yameshamfika shingoni.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamshika. Mwache atembee sakafuni. Mguu ni upi? Anaukanyagia kidogo au ameuning'iniza kabisa?

Akiwa anaburuta miguu yote miwili ya nyuma, analia kwa sauti usiyowahi kuisikia, na nyayo ni za baridi, zimepauka au zina rangi ya bluu, usiendelee kusoma. Huenda bonge la damu limeziba mshipa mkubwa wa miguu ya nyuma, na mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa moyo ambao hukuwahi kuushuku. Wengi hudhani kagongwa na bodaboda, wakamlaza wasubiri kukuche. Mpeleke saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Mkague. Mviringishie khanga nzito au taulo, mguu mbovu ubaki nje. Anza katikati ya vidole: mwiba, kigae cha chupa, kucha iliyojikunja ikachoma nyama, au alikanyaga jiko la mkaa. Panda juu taratibu ukilinganisha na mguu wa pili. Mwiba unaoonekana uchomoe, osha kwa maji ya chumvi. Ukihisi mfupa umevunjika, usiunyooshe wala usiufunge vijiti.

Dume mzururaji, shuku jipu la kung'atwa. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Tundu hujifunga juu, usaha ukabaki chini. Wamepigana Jumatatu usiku, Alhamisi mguu umevimba, una moto, na chakula hataki. Usilikamue. Daktari atalipasua, alisafishe na kumpa antibayotiki.

Hatua ya 3: Mpumzishe. Kama anakanyagia, anakula na hana uvimbe, mweke chumba kidogo asikoweza kuruka, kwa saa 24. Asipopata nafuu, nenda.

Siku hiyohiyo nenda ikiwa hakanyagi kabisa, ana jeraha au uvimbe wa moto, hajakojoa, anahema mdomo wazi, au ameanguka ghorofani, hata kama anatembea.

USIMPE PANADOL. Wala diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi huwa za kahawia, uso huvimba. Kwetu tulimzika paka kwa nusu kidonge alichopewa kwa huruma. Mguuni alikuwa na mwiba tu.

MASWALI

*Mkuu, huku kwetu yupo bwana mifugo wa ng'ombe tu.*
Mwite. Jipu, jeraha na mfupa anavijua. Mpe uzito sahihi: panda mizani umembeba paka, kisha peke yako, toa. Ila akitaka kumpaka dawa ya kupe ya mbwa au ng'ombe, uliza kama ina permethrini. Ikiwa nayo, kataa, inaua paka.

*Nikimpapasa anakoroma vizuri tu. Si ina maana hana maumivu?*
Hapana, ndugu yangu. Hukoroma hata akiwa na maumivu makali. Wewe angalia kula na kukojoa.

*Sina kibebeo, nimpelekeje?*
Tenga la kuku linatosha. Tandika khanga, funika, funga kamba. Usimpakate kwenye pikipiki, atakuponyoka barabarani.

*Wakati namkagua kaning'ata mkononi, damu kidogo tu.*
Dada, osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha nenda hospitali leo. Kichaa cha mbwa hushika paka pia, na hata paka mzima meno yake hupandikiza vijidudu ndani kabisa. Kama amebadilika tabia, anadondosha mate au anayumba, usimguse tena. Mfungie chumbani, umwite bwana mifugo. Mguu wake utaangaliwa wewe ukishahudumiwa.